Tunakagua Vioo, Nako Tunamwachia Mungu

Mafundi wa magari wa Moshi hukiita nako. Ni kipande cha chuma kizito, chenye umbo lisilopendeza, kinachosimama wima nyuma ya gurudumu la mbele. Katikati yake hukaa beringi inayobeba gurudumu. Chini huingia boljointi, kiungo kinachokifunga kwenye mkono wa chini. Ubavuni hutokeza kidole kinachoshikwa na tairodi, ile fimbo inayopeleka amri ya usukani. Juu hufungwa shokapu kwa bolti mbili. Uzito wa gari, nguvu ya breki, pigo la jiwe na uamuzi wa dereva vyote hukutana hapo. Abiria anaweza kusafiri miaka arobaini bila kukiona.

Sijasomea uhandisi. Shahada zangu zote ni za siasa na utawala, na wasomaji wa safu hii wamezoea kunisikia nikilalamikia bajeti na sera. Leo ninaandika juu ya nako kwa sababu ya kijana mmoja wa Mwika, mtoto wa binamu yangu, ambaye kwa taratibu zetu huniita baba mdogo. Alimaliza kidato cha nne, akashika spana miaka sita katika gereji za Himo, kisha akarudi nyumbani na kufungua gereji yake pembeni ya kihamba, chini ya migomba, mwendo mfupi kutoka soko la Mwika. Huko ndiko nilikomkuta likizo ya Desemba, wakati Wachagga wa Dar es Salaam wanapopandisha mlima na magari yao kuja kudai haki ya kunyoshewa vidole na wazazi wao.

Alikuwa na Subaru Impreza juu ya mawe. Mwenye gari ni mfanyabiashara anayeshiriki mbio za magari za kanda yetu, na alikuwa ametaka jambo moja: gari liinuliwe. Njia za mashindano haya ni za changarawe na mifereji, na gari lililoundwa kwa lami ya Japani hugonga tumbo. Mtu yeyote mwenye haraka angefanya kama wafanyavyo wengi: angeweka spesa, yaani pande la chuma au plastiki ngumu, juu ya shokapu, na bodi ingepanda sentimita tano kabla ya chakula cha mchana. Kijana alikataa njia hiyo, akatumia wiki saba. Nilitaka kujua kwa nini.

Jibu lake lilikuwa somo bora la jiometri nililowahi kupewa, na alilitoa kwa ubao, uzi na jeki. Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, mkono wa chini hulala karibu sawa na ardhi, na tairodi hulala karibu sambamba nao. Gurudumu likipanda jiwe, fimbo hizi mbili huzunguka kwenye maungio yake ya ndani na kuchora matao yanayokaribiana, kwa hiyo gurudumu hupanda na kushuka huku likiendelea kutazama mbele. Ukiweka spesa, bodi hupanda na maungio ya ndani hupanda pamoja nayo, lakini gurudumu, ambalo liko chini kwa sababu ardhi iko chini, hubaki palepale. Mkono sasa umeinama kama paa la nyumba. Tairodi nayo imeinama, lakini si kwa kiasi kilekile, maana urefu wake na mahali ilipofungwa ni tofauti. Sasa gurudumu likipanda, mkono unalisukuma nje kwa kiasi fulani na tairodi inavuta kidole cha nako kwa kiasi kingine. Tofauti hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye gurudumu lenyewe, nalo hugeuka. Dereva hajagusa usukani; gari limekata kona lenyewe.

Alinionyesha kwa macho. Alikuwa ametoa springi, akafunga ubao mnyoofu kwenye diski ya breki, akavuta uzi kutoka nyuma ya gari hadi mbele ya ubao. Akawa anainua gurudumu kwa jeki sentimita mbili mbili, na kila hatua anapima umbali kati ya uzi na ncha mbili za ubao, ananiambia niandike. Nikaandika, mimi mwenye udaktari wa falsafa, nikiwa karani wa kijana asiyefika kidato cha tano, na sikumbuki kazi ya ukarani niliyoifurahia zaidi. Kwa nako ya kiwandani ikiwa na spesa, katika mwendo wa sentimita kumi ncha ya mbele ya ubao ilikimbia milimita tisa. Milimita tisa ni ndogo ukiwa umesimama chini ya mgomba. Katika mwendo wa kilomita mia kwa saa juu ya changarawe, gurudumu la kushoto likiwa juu ya jiwe na la kulia likiwa ndani ya shimo, ni gari linalopigana na mtu aliyeshika usukani.

Kuna na jambo la pili, baya zaidi. Boljointi ni tufe ndani ya kikombe. Ina kiasi chake cha kuinama, na ikifika mwisho wa kiasi hicho shina lake hugonga ukingo wa kikombe. Gari lenye spesa huanza safari likiwa tayari limetumia sehemu kubwa ya kiasi hicho. Kila shimo linapolifanya gurudumu kuning'inia, shina hugonga. Halivunjiki siku hiyo. Hupata ufa mwembamba, na ufa hukua, mpaka siku moja dereva anafunga breki kwenye mteremko na gurudumu linalala chini ya bodi.

Dawa yake ilikuwa kuunda nako mpya. Kwa kuwa bodi ilikuwa imepanda, alihitaji kiti cha boljointi na kidole cha tairodi vipande navyo, kila kimoja kwa kipimo chake, ili mkono na tairodi virudi kulala kama vilivyolala mwanzo huku gari likibaki juu. Nyumba ya beringi alikwenda kuikereza mjini Moshi. Mwili wa nako aliutengeneza kwa bamba la chuma la milimita nne, akalikata vipande, akavikunja na kuvichomelea pamoja kuwa sanduku lililofungwa pande zote, maana sanduku hukataa kupindika kuliko bamba tupu. Nilimwuliza kwa nini hakukata nako ya kiwandani na kuiongeza tu. Akanitazama kwa huruma. Chuma cha kusubu, alisema, hakipendi kuchomelewa. Kinakubali mbele yako na kupasuka nyuma yako. (Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo.)

Alitengeneza nako tatu kwa ajili ya magurudumu mawili. Ya tatu aliikata katikati kwa msumeno, akasugua mkato kwa msasa mpaka ukang'aa, ili aone kama ulehemu umeingia hadi moyoni mwa bamba au umelala juu kama asali juu ya mkate. Kisha tukapima tena kwa ubao na uzi. Katika sentimita zilezile kumi, ncha ya ubao haikusogea hata milimita moja kamili.

Mbio za magari si jambo geni kwetu wala si mchezo wa wageni pekee, ingawa ndivyo tulivyozoea kuziona. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, na katika miaka yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari saba tu yalifika mwisho. Mwaka 1968 yalifika saba tena. Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404, na ndiyo sababu wazee wetu walilitamka jina la Pijo kwa heshima waliyoiweka akiba kwa wachungaji. Ninayempenda zaidi ni Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri, na aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na timu ya kiwanda. Ushindi ule ulitoka gereji kabla haujatoka barabarani.

Narudi kwa kijana wangu. Siku ya ukaguzi kabla ya mashindano nilikwenda naye. Nilitarajia kuona watu wakipiga picha. Niliona wakaguzi wawili waliovaa ovaroli wakilala chali chini ya gari na tochi. Walisoma tarehe kwenye mikanda ya viti. Walipima unene wa mabomba ya kizimba kinacholinda dereva na msoma ramani. Walipofika kwenye nako, mmoja wao akagonga ulehemu kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akauliza: nani kachomelea, chuma gani, unene gani, na umejuaje kwamba umeingia? Kijana akatoa kwenye mfuko wa suruali kipande cha ile nako ya tatu. Mkaguzi alikigeuzageuza mwangani kwa muda mrefu. Kisha akapulizia dawa nyekundu kwenye maungio ya zile zilizofungwa, akafuta, akanyunyiza unga mweupe ambao hunyonya wekundu wowote uliojificha ndani ya ufa. Unga ulibaki mweupe. Akatia saini.

Jioni ile, tukipanda kutoka Himo kuelekea Marangu na Mwika, tulikuwa ndani ya Noah. Mnaoishi kwetu mnaijua: gari la familia la Kijapani linalobeba idadi ya watu ambayo Wajapani hawakuifikiria, pamoja na ndizi, kuku na magunia. Ilikuwa imeinuliwa. Kijana aliinama kabla ya kupanda, akatazama nyuma ya gurudumu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni spesa, na kubwa. Njiani tulisimamishwa mahali pa ukaguzi. Leseni ilitazamwa. Stika kwenye kioo ilitazamwa. Kizima moto, pembetatu za kuakisi, taa, wembamba wa tairi. Vyote vilitazamwa kwa adabu na tukaruhusiwa. Sina ugomvi na aliyetukagua. Mtu aliyesimama barabarani kwa miguu yake, bila shimo, bila jeki na bila tochi, huona kile kinachoonekana kwa aliyesimama.

Ndipo likaja swali. "Baba mdogo," alisema, "lile gari linabeba watu wawili, wamevaa helmeti, wamefungwa mikanda ya begani, na wameandika barua kwamba wakifa ni juu yao. Mbona lile ndilo linalokaguliwa chini?"

Wanawake wawili waliokuwa mbele yetu waligeuka kumtazama. Sikumjibu mpaka tuliposhuka.

Ningeweza kumpa jibu la mhadhara. Gari la mashindano lina mwandaaji anayejulikana kwa jina, na ajali ikitokea ataulizwa yeye; Noah ina mmiliki, dereva, mamlaka ya leseni, askari, halmashauri na Mwenyezi Mungu, na kila mmoja anaweza kumwonyesha mwenzake. Sheria yenyewe haina upungufu mkubwa. Sheria ya Usalama Barabarani tunayoitumia ni ya mwaka 1973, na inakataza kuendesha barabarani gari bovu. Lakini ubovu wa aina hii una tabia ya pekee: gari likisimama, haupo. Tairi zimekaa sawa, bodi imependeza kwa urefu wake mpya, na hata kwenye mashine ya alaimenti vipimo vinaweza kurekebishwa vikakubali. Ubovu huzaliwa gurudumu linapoanza kupanda na kushuka. Ukaguzi unaofanywa gari likiwa limesimama, na mkaguzi akiwa amesimama, hauwezi kuuona hata ukifanywa kwa uaminifu wote duniani. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaharakati wenzangu ambao kila wakisikia ajali hutafuta rushwa. Rushwa ipo. Ila ukiiondoa yote kesho asubuhi, bado hakuna atakayelala chini ya Noah.

Wanafunzi wangu watataka niseme kwamba nchi yetu ni gari lililowekwa spesa. Nalijua kishawishi hicho, na kwa kawaida huwakata alama wanaofanana nacho. Lakini nitataja mambo mawili, kwa kuwa yanahusu watu wa milima hii na kila mtumishi wa umma anayesoma hapa anayafahamu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na KNCU yetu ikiwamo. Kazi ya kununua kahawa ikapandishwa kwa mamlaka ya zao. Mkulima wa Mwika alibaki palepale, na miti yake palepale, ila kiungo kati yake na anayepanga bei kikawa kimeinama kwa pembe ambayo hakikuundwa kuibeba. Ilibidi sheria nyingine, ya mwaka 1982, kuanza kuvirudisha. Na mwaka 2016 tuliondoa ada katika shule za sekondari za serikali, jambo jema ambalo nililiunga mkono na ninaliunga mkono hadi leo. Watoto walipanda. Madarasa, vyoo na walimu havikupanda kwa kipimo hicho, na walimu wakuu ndio waliobaki wakipigana na usukani. Katika mambo yote mawili aliyepandisha bodi alipongezwa siku ileile, na aliyevunjikiwa boljointi alikuja kulaumiwa baadaye kwa uendeshaji mbaya. Basi, niishie hapo na mifano.

Linaloniuma zaidi ni la kijana mwenyewe. Wiki mbili baada ya mashindano alikuja mmiliki wa Noah sita. Alikuwa amesikia kwamba yuko fundi Mwika anayejua kuinua magari. Alitaka zote sita ziinuliwe kwa spesa kabla ya Pasaka, na fedha aliyotaja ilikuwa kubwa kuliko yote kijana aliyopata katika Impreza. Kijana akampa bei ya kuunda nako kumi na mbili. Mteja akacheka. Akampa njia ya katikati: kushusha fremu ndogo inayoshikilia mikono ya chini kwa vipande vilivyokerezwa, ili maungio ya ndani yarudi chini. Hiyo nayo ilikuwa ghali. Mteja akaondoka, na Noah zote sita zimeinuliwa, kwingine, kwa siku tatu. Nimeshapanda mojawapo, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hakukuwa na nyingine.

Kukataa kule hakuna mahali kunapoandikwa. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, na VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Nimemsihi aombe, na ameshajaza fomu. Atapimwa kama anaweza kufungua injini na kufunga breki, na atafaulu. Nina shaka kama yupo atakayemwuliza kuhusu ubao na uzi, au kuhusu kipande alichokata katikati ili ajihakikishie mwenyewe. Ujuzi huu kwetu haukuanguka kutoka mbinguni. Jirani zetu wa Mamba walikuwa wafua chuma mashuhuri tangu kabla ya Wajerumani, wakitumia chuma kilichotoka Upare, na mkuki wao ulijaribiwa na aliyeutengeneza kabla ya kupewa mtu wa kwenda nao vitani. Karne iliyopita tulijengewa wilayani Hai, kwa msaada wa Bulgaria, kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichokusudiwa kutengeneza mashine za kutengenezea mashine. Sitasimulia hapa kilivyofifia. Hiyo ni makala nyingine na hasira nyingine. Nataja tu kwamba kijana aliyehitaji kukereza nyumba mbili za beringi alizunguka mji wa Moshi siku nne kutafuta mashine isiyotikisika.

Kwa upande wa abiria, kuna jambo dogo linalowezekana bila sheria mpya. Shimo. Shimo la zege lenye urefu wa gari, kina cha mtu mzima, ngazi mbili na taa, mahali Noah za Mwika zinapopakia. Ndani yake mtu mwenye tochi na nondo fupi anaweza kupekua boljointi, tairodi na bushi za gari moja kwa muda usiozidi ule wa kusubiri abiria wa mwisho. Akiona spesa, anaandika. Kijana amekubali kuwafundisha madereva wenyewe kutikisa gurudumu na kusikiliza, kila Jumatatu, bila malipo, na madereva wanne walikuja Jumatatu ya kwanza. Wawili waligundua boljointi zilizolegea. Mmoja akabadilisha siku hiyohiyo; wa pili alisema atamwuliza tajiri.

Nimeandika barua kwa ofisi husika nikiomba eneo la mita sita kwa mbili. Kijana ameambatisha mchoro wa shimo kwa penseli, wenye vipimo vyote, na chini yake makadirio ya mifuko ya saruji. Tajiri wa yule dereva wa pili bado hajajibu.